Maji ya Kujazia Tangi la Samaki wa Baharini: Dalili, Chanzo na Dawa Yake

Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na tangi la lita 200 kwenye sebule ya Tudor, Mombasa, ni bahari ya samaki wanne, kamba wawili na matumbawe machache. Bahari ya kweli kule nje ya Nyali ikipigwa jua mchana kutwa wala haishtuki. Hii ya kifuu, kabla ya magharibi maji yameshuka, chumvi imebaki palepale, na mwenye tangi inambidi ajazie.

Kwenye kujazia ndiko mambo yanakoharibika. Watu huniletea habari za samaki waliokufa, matumbawe yaliyojifunga, mwani uliofunika mawe, na wakishanieleza bei ya taa na pampu zao mimi huuliza swali moja tu: maji ya kujazia unachota wapi? Jibu mara nyingi ni "popote".

Nitaanza na dalili unayoiona kwenye kioo kisha nirudi nyuma mpaka kwenye chanzo. Ila kuna jambo moja la kushika kwanza, kwa sababu karibu kila dalili itaturudisha hapo. Kinachopanda hewani kutoka kwenye tangi ni maji matupu. Chumvi haipandi nayo, chokaa haipandi, shaba haipandi. Ndivyo wanavyovuna chumvi kule Gongoni, kaskazini mwa Malindi: maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa mapana, jua likachukua maji, chumvi ikabaki ikavunwa. Tangi lako ni shamba la chumvi lenye samaki ndani. Ukijazia maji yenye kitu, kitu hicho kinabaki, na kesho unakiongezea mwenzake.

Kwanza pima

Bandika kipande cha utepe kwenye kioo pale maji yanapofika leo asubuhi. Kama tangi lako lina chemba ya pampu chini ya meza, utepe ubandike kwenye chemba, kwa maana kwenye mifumo hiyo tangi la juu halishuki; chemba ndiyo inayopungua. Kesho saa ileile jazia kwa jagi lenye alama za lita mpaka ufike kwenye utepe, uandike umetumia kiasi gani. Fanya hivyo siku saba. Tangi la lita 200 lisilofunikwa linaweza kupoteza kama lita 2 kwa siku, na wakati wa kaskazi, ukiliwekea feni ya kupooza maji, hesabu hiyo hupanda sana. Tangi la mwenzako si kipimo cha lako. Dirisha, feni na kifuniko vinabadilisha kila kitu.

Vifaa viwili vinatosha. Cha kwanza ni cha kupimia chumvi, na hapa napendelea refraktomita (kidarubini unachochungulia tone la maji kwenye mwanga) kuliko haidromita ya plastiki yenye mshale. Mshale hushikwa na viputo vya hewa ukasoma juu, nawe ukapunguza chumvi ambayo haikuzidi. Refraktomita nayo isiwekwe sawa kwa maji safi peke yake. Nunua kichupa cha maji ya kupimia yenye chumvi ya gramu 35 kwa kilo, uirekebishe kwa hayo. Unalotafuta kwenye tangi ni uzito wa 1.025 hadi 1.026 ukilinganishwa na maji matupu, ambao ni karibu na gramu 35 hizo.

Cha pili ni mita ya TDS, kijiti kidogo cha betri kinachopima jumla ya vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, kwa miligramu kwa lita. Mita nyingine huandika ppm. Kwa kazi yetu ni mamoja. Ulimi hauwezi kazi hii. Pwani tukisema "maji matamu" tuna maana hayana chumvi ya kusikika mdomoni, lakini maji yanaweza kuwa matamu kabisa na mita ikasoma 300. Fanya hesabu: lita 2 kwa siku za maji ya 300 ni gramu 0.6 kila siku, na kwa mwaka ni gramu 219. Karibu robo kilo ya vitu ambavyo hukuvichagua, umevimimina kwa mkono wako.

Chumvi inapanda ijapokuwa unajazia kila siku

Hii ndiyo dalili ya Mombasa hasa, na sababu yake ya kwanza inachekesha kidogo. Mtu anakaa karibu na bahari, anaona tangi ni la maji ya bahari na limepungua, basi anateremka ufuoni na ndoo. Angalia kinachotokea. Lita 2 za maji ya bahari zina gramu 70 za chumvi. Kwa siku 10 ni gramu 700. Ndani ya lita 200, hiyo ni gramu 3.5 zaidi kwa kila lita, na 1.026 imeshakuwa 1.029. Matumbawe yanajikunja, konokono wanajifungia, samaki wanakaa kwenye pembe, na mwenyewe anasema bahari imechafuka.

Maji ya bahari yana mahali pake, nayo ni pale unapobadilisha maji. Ukitoa ndoo ya maji ya tangi, umetoa na chumvi yake, kwa hiyo unarudisha maji ya chumvi. Hewa ikichukua maji, haikuchukua chumvi, kwa hiyo unarudisha maji yasiyo na chumvi. Na uangalie unavyolieleza jambo hili. Kijana mmoja niliyemwambia ajazie "maji baridi" alinunua chupa tatu za friji dukani akazimimina vilevile zilivyo, zikitoa jasho. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku ile nasema "maji yasiyo na chumvi", hata kama ni maneno marefu.

Sababu ya pili ni kisima. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, na mwamba huo una matundu. Maji ya mvua yaliyozama hukaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini, na mkivuta kwa pampu nyingi, ya chini yanapanda. Ndiyo maana nyumba moja kisima chake hupikia na jirani yake hakifai hata kufulia. Kisima kinachosoma 5,000 kwenye mita kinakutilia gramu 10 za chumvi kila siku kwa lita 2, gramu 300 kwa mwezi. Tena kisima hakina msimamo. Baada ya mvua za masika chumvi yake hulegea, na mwisho wa kaskazi hukaza. Aliyepima mwezi wa Juni akaridhika, apime tena Februari.

Sababu ya tatu si ya maji bali ya mwenye maji: anajazia Jumapili kwa Jumapili. Kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi chumvi inapanda, Jumapili inashuka kwa kishindo cha lita 14. Samaki watavumilia, kamba wenye kujivua gamba na matumbawe hawapendi msukosuko huo. Kidogo kila siku, asubuhi na jioni ukiweza.

Ikiwa chumvi imeshapanda, usiishushe kwa siku moja. Toa lita chache za maji ya tangi, rudisha maji matupu, na usizidi kushuka kwa 0.001 kwa siku. Kutoka 1.029 mpaka 1.026 ni siku tatu au nne. Hakuna haraka hapo.

Chumvi inashuka

Hapa tafuta maji yenye chumvi yanakotorokea. Skima, kile kifaa cha kutoa uchafu kwa povu, ikifurika usiku inatoa maji ya chumvi, nawe asubuhi unajazia maji matupu ukidhani ni jua. Uvujaji wa kiungo cha bomba ni vilevile, na dalili yake ni ukoko mweupe unaotambaa kwenye kuta za nje za tangi. Na kama una kifaa cha kujazia chenyewe chenye boya, angalia boya halijanaswa na konokono. Nimeona tangi zima likilegezwa chumvi kwa usiku mmoja na konokono mmoja. Pipa la kujazia lisiwe kubwa kiasi kwamba likimwagika lote litaua. Kwa tangi la lita 200, pipa la lita 10 au 15 linatosha.

Samaki wanahema juu mara baada ya kujazia

Kama kuhema kunaanza ndani ya saa moja au mbili za kujazia, shuku klorini kwanza. Maji ya mfereji hutiwa dawa ili yasituletee kipindupindu, na sina ugomvi na hilo. Ila dawa inayoua vijidudu kwenye bomba huunguza matamvua ya samaki na kuua bakteria wanaokusafishia tangi. Mfereji ukikauka siku kadhaa kisha maji yakarudi, nusa. Siku nyingine harufu inakupokea kabla hujafungua bomba lote, na rangi ya maji ni ya chai ya mkandaa.

Klorini ya kawaida huondoka ukiyaacha maji kwenye ndoo wazi na jiwe la hewa linalotoa viputo kwa saa 24. Ikiwa dawa iliyotumika ni kloramini, hewa haitoshi. Hiyo hutolewa kwa mkaa wa kuchujia au kwa dawa ya sodiamu thaiosalfeti inayouzwa na wauza samaki wa mapambo, na ikishavunjwa huacha amonia nyuma yake. Lakini elewa kwamba kuondoa klorini hakuyafanyi maji ya mfereji kuwa maji matupu. Mita ya TDS itasoma namba ileile iliyosoma jana. Kuchemsha pia hakusaidii: unapoteza maji kwa mvuke na kubakisha chokaa, yaani unafanya kwenye sufuria kilekile kinachofanyika kwenye tangi.

Kuna sababu nyingine ya kuhema ambayo wengi hawaifikirii. Tangi jeusi la maji juu ya paa, saa nane mchana mwezi wa Machi, linatoa maji ya kuoga bila kuwasha hita. Ukiyamimina lita 5 kwa mkupuo kwenye tangi ambalo tayari liko nyuzi 29, umeongeza joto mahali ambapo hewa ya oksijeni ilikuwa imeshapungua. Chota alfajiri, au chota jioni uyaache yapoe mpaka asubuhi.

Kama kuhema hakuna uhusiano na saa ya kujazia, achana na maji ya kujazia. Angalia joto, pampu iliyozimika umeme ulipokatika, au samaki aliyekufa nyuma ya jiwe.

Vumbi la kahawia, kisha nyuzi za kijani

Tangi jipya likipata vumbi la kahawia juu ya mchanga na kioo katika wiki za mwanzo, usishtuke. Huo ni mwani mdogo sana unaojijengea gamba la silika (madini ya mchanga na kioo), na kwa kawaida humaliza chakula chake ukapotea wenyewe. Tatizo ni vumbi lile likiwa bado lipo mwezi wa nne na wa tano tangu tangi lianze, ukilifuta Ijumaa linarudi Jumapili. Maana yake kuna mtu analilisha, na mtu huyo ni wewe.

Fikiria maji yetu yalikotoka. Sehemu ya maji ya Mombasa huja kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950 kutoka chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, na kabla ya kutokeza pale huwa yamepita chini ya mawe ya volkano ya Milima ya Chyulu. Maji mengine huja kutoka Baricho kwenye Mto Sabaki, mengine Marere kule Shimba Hills, mengine visima vya Tiwi. Ni maji mazuri ya kunywa. Lakini maji yaliyopita kwenye mwamba hubeba kitu cha mwamba, silika ikiwamo, na kwa kuwa leo unaweza kuletewa ya huku na kesho ya kule, hata mita ya mfereji mmoja hubadilika bila taarifa.

Nyuzi ndefu za kijani ni kesi nyingine. Hizo zinataka nitreti na fosfeti. Hapa kisima ni mshtakiwa mkuu kuliko mfereji, kwa sababu mwamba wetu wenye matundu haujui kutenganisha kisima na choo cha shimo cha jirani. Maji ya kisima cha namna hiyo huonekana meupe pee, yasiyo na harufu, na ndani yake kuna mbolea ya kutosha kulima mchicha.

Kosa la upimaji hapa ni la kawaida mno. Mtu anapima maji ya tangi, nitreti inasoma karibu na sifuri, anasema maji ni safi. Ni safi kwa sababu mwani umeshaila yote. Chukua kipimo kilekile upime maji yaliyo ndani ya mtungi wa kujazia. Hapo ndipo utakapomkamata mwizi. Na usisahau chakula: kama mtungi ni safi, basi unawalisha samaki kupita kiasi, na mwongozo huu hauna la kukusaidia.

Kamba na konokono wanakufa, samaki wazima

Hii ninaiogopa kuliko zote. Samaki wanaogelea, wanakula, rangi zao nzuri, lakini kamba wa kwanza amekutwa chali asubuhi, wiki inayofuata konokono wawili, na matumbawe yamejifunga kama ngumi. Shuku shaba. Kiasi kidogo cha shaba ambacho samaki haoni tabu nacho kinatosha kuua wanyama wasio na uti wa mgongo. Ndiyo maana dawa kadhaa za magonjwa ya ngozi ya samaki zimetengenezwa kwa shaba, na ndiyo maana hazitiwi kwenye tangi lenye kamba.

Shaba huingiaje? Mabomba ya shaba, mifereji ya shaba nyeupe na ya njano ambayo maji yamelala ndani yake usiku kucha, ndoo iliyowahi kutumika kwa dawa. Ila hapa Mombasa mlango mkubwa ni maji ya eyakondishena. Naelewa kwa nini watu huyapenda. Yanadondoka bure kutwa kwenye kila duka na ofisi, yanajaza ndoo kabla ya adhuhuri, na mita ya TDS ikitiwa ndani husoma 10, pengine 5, chini kuliko chupa ya dukani. Rafiki yangu alijazia hayo kwa miezi kadhaa, akinionyesha mita kama mtu anayeonyesha cheti. Maji yale hutengenezwa juu ya mapezi ya alumini na mirija ya shaba iliyojaa vumbi na ukungu, na shaba ya kuua kamba ni ndogo sana kiasi kwamba mita haiitofautishi na sifuri. Mita ya TDS inahesabu jumla, haikwambii majina. Hakubakiwa na kamba hata mmoja.

Ukishuku shaba, acha chanzo leo hii. Nunua kipimo cha shaba, badilisha maji kidogokidogo kwa maji ya chumvi mazuri, weka mkaa mpya au resini maalumu ya kunasa metali. Mawe na mchanga vinaweza kuwa vimeshainyonya na vikawa vinairudisha polepole, kwa hiyo usirudishe kamba kabla kipimo hakijakaa sifuri kwa wiki kadhaa.

Gamba jeupe kwenye hita na pampu

Liguse kwa kidole kilicholowa. Likiyeyuka ni chumvi iliyorushwa na maji, lifute. Lisipoyeyuka ni chokaa. Maji magumu ya kujazia ni sababu mojawapo, hasa alkalini ya tangi (uwezo wa maji kuzima asidi) ikiwa inapanda bila wewe kutia kitu. Loweka pampu kwenye siki iliyochanganywa na maji, isuuze vizuri, irudishe.

Basi nichote wapi?

Mfereji: kwa tangi la samaki watupu na kwa muda mfupi, yakiwa yametolewa klorini, utaishi nayo. Kwa matumbawe, hapana.

Mkokoteni: hapa tatizo si maji, ni habari zake. Mtungi ni uleule, mwuzaji ni yuleyule, lakini asubuhi amejaza kwenye mfereji wa Mwembe Tayari na jioni foleni ikiwa ndefu amejaza kwenye kisima. Ukimwuliza, "Mwanangu, haya ni ya wapi?" atakujibu kwa adabu zote, "Ya mfereji hayo ami, matamu kabisa." Na huenda ni kweli. Mita yako itasema ndani ya sekunde tano, na haina haja ya kuuza.

Mvua ni nzuri kuliko watu wanavyodhani na mbaya kuliko wengine wanavyodhani. Maji yenyewe yakiwa angani ni karibu matupu. Paa ndilo linaloyaharibu: zinki ya mabati, vumbi la saruji kwa wanaokaa upande wa Bamburi, na kinyesi cha kunguru, ambao mji huu haujawahi kupungukiwa nao. Karibu na bahari kuna na chumvi ya upepo iliyokauka juu ya paa. Mimi sitegi mvua kutoka kwenye mabati kwa ajili ya tangi lenye kamba. Aliye na turubai safi la plastiki, akaacha mvua ioshe hewa na turubai kwa robo saa kisha ndiyo akinge, ana maji ya maana, halafu ayapitishe kwenye mkaa.

Maji ya chupa yaliyoandikwa ya madini, soma neno hilo vizuri: madini ndiyo tunayoyakimbia. Lakini maji ya kujaziwa kwenye vituo vya mitaani, yale ya mtungi wa lita 20, mengi hupitishwa kwenye mashine ya RO, yaani ya kuchuja kwa utando, na kwa mtu asiye na mashine yake ndiyo njia ninayoipendekeza. Nenda na mita. Vituo vingine hurudishia madini kidogo ili maji yawe na ladha, kwa hiyo cha mtaa huu kitasoma 8 na cha mtaa wa pili 90. Wa 8 ndiye rafiki yako. Pima kila safari, maana wakichelewa kubadilisha utando wa kuchujia namba itapanda na hawatakupigia simu.

Maji ya betri ya kituo cha petroli: yaliyokenekwa (ya mvuke uliopozwa) yanafaa kwa dharura. Onyo langu ni moja, na ni kubwa. Ukienda ukasema "nipe maji ya betri", unaweza kupewa asidi, kwa sababu chupa hukaa rafu moja na hufanana. Sema unataka maji yaliyokenekwa, soma karatasi ya chupa mwenyewe, na ukiwa na shaka hata kidogo iache.

Mashine ya RO ipo, na bado mita inasoma juu

Mashine ya RO husukuma maji kwenye utando wenye matundu madogo mno. Maji hupita, sehemu kubwa ya vilivyoyeyuka hubaki ikatoka kwa mrija wa taka. Utando mzuri huondoa asilimia 95 na zaidi. Kwa maji ya 300, tarajia kama 10 hivi, na ukiweka baada yake chupa ya resini, chembe za kunasa vilivyosalia, namba ishuke mpaka 0. Isiposhuka, anza na presha.

Hapa ndipo wengi mjini hukwama bila kujua. Utando unataka presha ya kama bari 3 mpaka 4. Maji ya kwenye tangi la paa hutegemea urefu: mita 10 za kwenda juu ni bari 1. Nyumba ya ghorofa moja, tangi likiwa mita 6 juu ya mashine, presha yako ni bari 0.6. Mashine itadondosha matone, takataka nyingi, maji machache, na namba mbovu. Dawa ni pampu ndogo ya kuongeza presha inayouzwa pamoja na mashine hizi. Usinunue utando mpya kabla ya kupima presha.

Presha ikiwa sawa, jiulize kama unachota maji ya dakika za mwanzo. Mashine ikizimwa, chumvi iliyo upande wa taka hupenyeza taratibu kwenda upande safi, na ukiwasha, lita ya kwanza inasoma vibaya. Iachilie imwagike dakika chache kabla ya kuelekeza mrija kwenye mtungi au kwenye resini. Usipofanya hivyo resini itakufa mapema na kubadilika rangi kabla ya muda wake.

Kisha angalia vichujio vinavyotangulia utando. Kile cha uzi kinachozuia mchanga huziba haraka hapa kwetu, kwa sababu kila maji yakirudi baada ya mgao huja na tope. Kikiwa kimegeuka rangi ya udongo, kibadilishe bila kungoja miezi sita ya kitabu. Cha mkaa ndicho kinachoulinda utando usiliwe na klorini. Mkaa ukichoka, utando unatoboka, na hapo namba hupanda moja kwa moja bila kurudi.

Maji ya taka yasikuumize roho. Ni lita 3 au 4 kwa kila lita safi, ndiyo, lakini ni maji ya mfereji yaliyokolea kidogo tu. Kwangu yanaingia kwenye pipa la chooni na la kupigia deki.

Mwisho, mtungi wenyewe. Usitumie uliobeba mafuta ya kupikia, dawa ya kufulia au petroli, hata ukiusugua mara saba. Nunua mpya wa plastiki ya chakula, uufunike, uuweke kivulini, na uandike kwa kalamu nene YA SAMAKI pande zote mbili. Wangu niliuandika upande mmoja tu, ukageuzwa ukutani, na mgeni aliyetoka Lamu akachemshia chai lita mbili za maji ya resini. Alisema chai haina mwili. Asubuhi ile samaki wakajaziwa maji saa nne badala ya saa moja, kwa sababu ilibidi niwashe mashine upya.